Mzigo wa Mwenzio Si Kanda la Usufi



Mara nyingi ukurasa kama huu huzungumzia ugomvi wa nyumbani, fedha, wakwe na malezi ya watoto. Leo tuzungumzie taabu isiyo na kelele. Mume au mke ameambiwa na daktari kwamba ugonjwa wake hautaisha kwa vidonge, lazima apasuliwe. Amepewa tarehe, pengine baada ya majuma mawili, pengine baada ya miezi mitatu. Anarudi nyumbani na kuendelea na kazi zake, lakini si yule wa jana. Usiku hapati usingizi. Chakula anakigusa tu. Akiulizwa ana nini, hujibu, "Sina kitu." Kikombe kikivunjika au mtoto akichelewa kutoka shule, hukasirika mpaka watu wa nyumbani wakashangaa.

Swali letu ni hili: mwenzi aliye mzima anadaiwa nini na huyu anayengoja? Wengi tutajibu upesi kwamba anadaiwa kumtia moyo. Vema, lakini kumtia moyo maana yake ni nini? Je, ni kumwambia asiogope? Je, ni kumficha mambo ya kutisha? Na mgonjwa mwenyewe, akiwa Mkristo anayesali kila siku, je, anaruhusiwa kuogopa?

Wahenga walisema kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Usufi ni mwepesi, hata kanda lililojaa halimchoshi mbebaji. Maana yao ni kwamba aliye pembeni hauhisi uzito wa mwenzake. Methali hii inatueleza jinsi tulivyo. Ndoa ya Kikristo inatudai tuwe tofauti na hivyo.

KUNGOJA NI KAZI

Kisu chenyewe mara nyingi huchukua saa moja au mbili, naye mgonjwa amelala au ametiwa ganzi. Kungoja huchukua siku nyingi, naye yu macho.

Hapa kwetu Ngomeni kungoja kuna uzito wake wa pekee. Kijiji chetu kinajulikana mbali kwa ajili ya mitambo ya Waitaliano iliyosimama baharini. Kutoka hapo satelaiti iliyoitwa Uhuru ilirushwa angani tarehe 12 Desemba 1970. Lakini mtu wa hapa akitakiwa kupasuliwa, safari yake ni ya nchi kavu: pikipiki mpaka Gongoni, kisha matatu kupitia Mambrui na daraja la mto Sabaki mpaka Malindi, na pengine aendelee mpaka Kilifi au Hospitali Kuu ya Pwani kule Mombasa. Kila safari ni nauli. Mvuvi asipokwenda baharini hana kitoweo wala fedha, na kibarua wa mashamba ya chumvi asipofika kazini siku hiyo haihesabiwi. Tena bima ya zamani ya NHIF ilipisha SHA mwezi wa Oktoba 2024, na wapo wazee ambao hadi leo hawajui kama wameandikishwa au la. Kwa hiyo anayengoja haogopi kisu peke yake. Anaogopa deni, anaogopa karo, anaogopa nani atamlisha mama yake.

Halafu kuna kuahirishwa. Mgomo wa madaktari ulioanza Desemba 2016 ulidumu siku 100, na ule wa mwaka 2024 ulidumu siku 56. Sisemi hapa nani alikuwa na haki. Nasema tu kwamba nyuma ya hesabu hizo kuna watu waliokuwa wameaga watoto na kufunga vikapu vyao, kisha wakarudishwa kungoja upya.

Tutofautishe pia mambo mawili yanayokuja pamoja. Hofu hutazama siku ile ya kisu: je, nitaamka? Huzuni hutazama maisha yote: mimi sasa ni mtu wa nini katika nyumba hii? Mwenye hofu hutembea huku na huko. Mwenye huzuni huketi, hana hamu ya chakula, ya mazungumzo, wala ya sala. Yote mawili hugusa mwili. Moyo huenda mbio na shinikizo la damu hupanda, na likipanda mno huenda daktari akaahirisha kazi. Basi hofu iliyofichwa yaweza yenyewe kurefusha kungoja.

AIBU YA BABA, UCHUNGU WA MAMA

Tuchukue mfano unaojulikana sana Pwani yetu lakini hautajwi: ugonjwa wa busha. Kwa wanaume wengi wa huku hutokana na vijidudu vya matende vinavyoenezwa na mbu, wala si madafu kama wengine wanavyodai. Shirika la Afya Duniani lilianzisha mpango wa kuutokomeza ugonjwa wa matende mwaka 2000, na mwaka 2002 Kenya ilianza kugawa dawa kwa watu wote katika wilaya ya Kilifi ya wakati ule. Dawa hizo huzuia maambukizi. Lakini busha ambalo limekwisha kuwa kubwa huhitaji kisu.

Sasa mfikirie baba mwenye busha anayengoja siku yake. Kwa miaka amevaa kikoi kipana na kukaa nyuma kanisani. Ndani ya nyumba, tendo la ndoa limekuwa gumu au limekoma, na hakuna aliyesema neno. Akilini mwake anaamini kwamba atakatwa uanaume wake. Amwulize nani? Akimwuliza mkewe ataonekana mwoga. Akiwauliza wenzake pwani wanapovuta mashua watamcheka. Huyo huenda akamwendea mganga, apigiwe mburuga, si kwa sababu hana imani, bali kwa sababu kwa mganga walau ataulizwa habari zake. Na kumbe ukweli ungemwondolea nusu ya mzigo. Katika upasuaji huo daktari hutoa maji na kuushughulikia mfuko ule uliojaa maji. Kwa kawaida mapumbu yenyewe hubaki mahali pake.

Mfikirie pia mama aliyeambiwa kwamba ana uvimbe wa kizazi na huenda kizazi chote kikatolewa. Hofu yake ina maswali matatu. La kwanza: nitaamka? La pili: mume wangu ataniona bado ni mwanamke, au ndugu zake watamwambia aoe mwingine? La tatu hulisema kwa sauti ya chini akiwa na katekista au padri tu: je, natenda dhambi ya kuzuia uzazi?

Hili la tatu lina jibu lililo wazi, na kila mume Mkatoliki inampasa alijue. Papa Paulo wa Sita, katika barua ileile ya Humanae Vitae ya mwaka 1968 ambayo wengi huijua kwa makatazo yake, alifundisha kwamba tiba inayohitajika kuponya ugonjwa wa mwili si haramu, hata kama inajulikana kwamba uzazi utazuilika, mradi kuzuia uzazi siko kunakotafutwa. Na la pili lina jibu katika Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 1084: utasa hauzuii ndoa wala haubatilishi ndoa. Kizazi kikitoka, ndoa haitoki. Lakini jibu la kanuni haliwezi kuchukua nafasi ya mume. Mama huyu anahitaji kulisikia kwa kinywa cha yule aliyemvika pete.

JE, KUOGOPA NI DHAMBI?

Wapo wanaomkemea mgonjwa wakimwambia, "Mkristo haogopi." Maneno haya yanasikika kama imani. Tuyapime.

Mtakatifu Thoma wa Akwino, aliyefariki mwaka 1274, alifundisha kwamba hisia za moyo, kama vile hofu na huzuni, kwa zenyewe si wema wala uovu. Zinakuwa njema au mbaya kutokana na jinsi akili na utashi wetu unavyozipokea. Anayeogopa kisu hajatenda dhambi, kama vile anayetokwa jasho juani hajatenda dhambi. Akiacha hofu imfanye akimbie matibabu na kuwaacha watoto yatima, hapo ndipo pa kujiuliza.

Mtakatifu huyo huyo alisema jambo jingine ambalo hutushangaza. Sisi hudhani kwamba shujaa ni yule anayeshambulia. Yeye alifundisha kwamba tendo kuu la ujasiri ni kustahimili, yaani kusimama imara bila kukimbia wakati hatari ipo mbele yako. Ukilipima kwa kipimo hicho, mama anayeamka kila asubuhi, anachota maji, anapika, na kuhesabu siku zilizobaki, tayari anatenda tendo la shujaa. Hofu yake haiondoi ushujaa huo. Asingeogopa, angekuwa anastahimili nini?

Na juu ya wote yupo Bwana wetu. Usiku wa Gethsemane alishikwa na huzuni na fadhaa, na Luka anatuambia kwamba jasho lake lilikuwa kama matone ya damu. Yesu hakuwa na upungufu wa imani. Tuangalie alichowaomba rafiki zake watatu. Hakuwaomba wamweleze kwa nini asiogope, wala wamwahidi kwamba yote yatakuwa sawa. Aliwaomba wakae pale na wakeshe pamoja naye. Nao walilala. Waliokula naye karamu saa chache kabla hawakuweza kukaa macho saa moja.

Nafikiri hapo ndipo kipimo chetu kilipo. Mwenzi anayengoja kisu yumo katika bustani ile. Hatudai tumwondolee kikombe. Anatudai tusilale.

"USIOGOPE" LIKIWA NA MAANA YA "NYAMAZA"

Malaika katika Biblia husema msiogope, na maneno hayo ni mazuri yanapotoka kwa mjumbe wa Mungu. Lakini mara nyingi tukiyasema sisi, huwa tunajitetea. Hofu ya mwenzi inatugusa, inatukumbusha kwamba huenda tukabaki wajane, na hatutaki kuisikia. Basi twasema, "Aa, usiogope, si kitu, hata fulani alipasuliwa akapona." Mgonjwa anaelewa haraka kwamba mazungumzo yamefungwa. Ananyamaza. Sisi twadhani ametulia, kumbe amebaki peke yake.

Marehemu Papa Fransisko alilijua jambo hili kwa mwili wake. Mwaka 1957, akiwa kijana wa miaka 20 hivi kule Argentina, aliugua vibaya mapafu na ikabidi akatwe sehemu ya pafu moja. Alisimulia katika kitabu cha mwaka 2020 kwamba watu walimjia na maneno mema ya kwamba atapona na maumivu yatapita, lakini maneno hayo hayakumfikia moyoni. Aliyemgusa ni sista mmoja aliyemfundisha katekisimu alipokuwa mtoto. Alimshika mkono, akambusu, akakaa kimya kwa muda mrefu. Kisha akamwambia kwa maneno machache tu kwamba katika mateso yake anamfuata Yesu. Zaidi ya miaka 60 baadaye, Papa bado alimkumbuka.

Pia rafiki watatu wa Ayubu walikuwa wafariji wazuri kwa siku saba, walipoketi naye chini bila kusema neno. Waliharibu walipoanza kueleza.

Hapa pana kanuni moja ambayo ningependa kila mume na mke aishike: ahidi kile tu kilicho mikononi mwako. "Utapona" hakumo mikononi mwako, na mgonjwa anajua hivyo, ndiyo maana hakumtulizi. "Sitakuacha" kumo mikononi mwako. Tena si ahadi mpya. Uliitoa mbele ya altare siku ile ulipoahidi uaminifu katika uzima na katika ugonjwa. Wakati ule ulikuwa na afya na suti mpya, ukasema kwa urahisi. Sasa ndipo inapolipwa.

JE, TUFICHANE?

Lipo swali gumu zaidi. Daktari humwita mume pembeni na kumwambia jambo zito. Ndugu wanashauri, "Mke asiambiwe, atakata tamaa." Nia ni nzuri. Je, ni haki?

Kanisa linafundisha kwamba si kila mtu anastahili kuambiwa kila jambo, na busara ina mahali pake. Majirani hawana haki ya kujua ugonjwa wa mkeo. Lakini mwenye mwili ana haki ya habari za mwili wake. Hata Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 inataka mgonjwa aelezwe hali yake na atoe idhini mwenyewe kabla ya kutibiwa, isipokuwa katika hali maalumu kama vile dharura. Mke mwenye akili timamu hawekewi sahihi na mumewe kana kwamba ni mtoto. Mama akiamka na kukuta kizazi kimetolewa, na mumewe alijua, jeraha la tumboni litapona mapema kuliko lile jingine.

Tena kuficha hakufanikiwi. Mgonjwa husoma nyuso. Anaona mnong'ono unakoma anapoingia, na katika giza hilo anajitungia habari mbaya kuliko ile ya kweli. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Methali hiyo huwaonya wagonjwa, lakini inawahusu pia wanaomficha mgonjwa maradhi yake.

Hii haimaanishi kumwagia mtu ukweli kama ndoo ya maji baridi. Toa kwa kipimo chake. Mwulize, "Ungependa kujua kiasi gani leo?" Akisema, "Inatosha kwa leo," nyamaza. Kutosema yote leo si uongo. Kusema lisilo kweli ni uongo, hata likisemwa kwa machozi.

Wala usiifiche hofu yako mwenyewe kabisa. Wanaume wengi hudhani ni lazima wawe jiwe. Mke humwona mumewe amekuwa jiwe, akadhani hajali. Waweza kusema, "Mama watoto, hata mimi naogopa. Lakini tuko pamoja." Neno hilo halimwongezei mzigo, bali linamwonyesha kwamba upande wa pili wa mti una bega.

MAMBO YA KUFANYA

Mapendo bila vitendo ni maneno. Haya ni machache ya kuanzia.

Kwanza, tafuteni jioni moja bila redio, bila simu, watoto wamelala. Uliza: "Unaogopa nini hasa?" Kisha usijibu. Ngoja. Wengine huogopa kifo, wengine maumivu, wengine kuwa uchi mbele ya watu wasiowajua, wengine deni. Usipojua jina la hofu utatibu isiyokuwepo.

Pili, andikeni maswali kwenye daftari mwende kliniki pamoja. Nini kitakatwa na nini kitabaki? Nitalazwa usingizi au nitadungwa sindano ya mgongo? Nitarudi kazini lini, na tendo la ndoa lini? SHA italipa kiasi gani? Daktari au muuguzi huulizwa maswali hayo kila siku, haoni ajabu. Mwambieni pia dawa zote anazotumia mgonjwa, hata za mitishamba, maana baadhi yake zaweza kuongeza damu kutoka au kupingana na dawa ya usingizi.

Tatu, shikeni masharti ya kufunga chakula. Kwa kawaida chakula kigumu husimamishwa angalau saa 6 kabla, na hospitali itatoa maagizo yake kamili. Mke anayemnyemelea mumewe na uji alfajiri kwa huruma anamhatarisha, kwa sababu chakula kikipanda mtu akiwa usingizini chaweza kuingia mapafuni.

Nne, pungueni mizigo mingine. Semeni kwa majina: nani atalala na watoto, nani atachunga mbuzi, nani atatunza nyavu. Hofu nyingi za usiku ni kazi ambazo hazijapewa mwenyewe. Hapa jumuiya ndogo ndogo ina nafasi kubwa. Msisubiri kuja na mchango baada ya msiba. Njooni sasa, mgonjwa angali anawaona. Na jirani Mwislamu akija kumsomea dua, mpokeeni kwa shukrani, kwani naye amekuja kukesha.

Tano, jali mwili. Mtakatifu Thoma, ambaye watu humdhania ni mwalimu wa mambo ya juu tu, aliorodhesha dawa za huzuni, na kati yake alitaja machozi, huruma ya marafiki, usingizi na kuoga. Basi mwandalie mwenzi wako maji ya kuoga jioni, mwache alie kama anataka, mtembee kidogo ufuoni maji yakipwa. Kuhusu huruma ya rafiki, Thoma aliandika kwamba huzuni ni kama uzito, na mwenye huzuni akiona wengine wanahuzunika pamoja naye huona kana kwamba wamemshika mzigo. Akaongeza sababu iliyo bora zaidi: kwa hilo anatambua kwamba anapendwa, na kupendwa ni furaha.

Sita, msiiogope Sakramenti. Katika vijiji vyetu padri akionekana na mafuta matakatifu, watu huanza kulia. Hilo ni kosa la zamani. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1963, ulisema wazi kwamba Mpako wa Wagonjwa si kwa walio katika dakika za mwisho tu, na Katekisimu ya Kanisa, namba 1515, inasema kwamba yafaa kuupokea kabla ya upasuaji mkubwa. Mpelekeeni padri habari mapema, mgonjwa aungame, ampokee Bwana, apakwe mafuta akiwa na akili zake, nanyi familia mkimzunguka. Sala haishindani na daktari.

Saba, jueni alama za hatari. Hofu ya kawaida huja na kuondoka. Lakini mgonjwa akikaa majuma mawili bila usingizi, bila chakula, bila kutaka kumwona mtu, au akianza kusema kwamba afadhali afe, au kugawa vitu vyake, hapo mapendo ya nyumbani hayatoshi peke yake. Msimwache peke yake hata kidogo, mkamwambie daktari au muuguzi siku hiyo hiyo. Ugonjwa wa moyo wa mtu kuinama ni ugonjwa kama mwingine, na una tiba. Si laana wala si aibu ya ukoo.

NA KAMA MAMBO HAYAENDI VEMA?

Msomaji atauliza: tukikesha hivi, tukisema ukweli hivi, na mwenzi asiamke, je, itakuwa imefaa nini? Hatuwezi kulikwepa swali hili, kwa sababu watu wengi mno hurudi wazima, lakini si wote.

Jibu ninaloliona ni kwamba siku za kungoja hazikuwa ukumbi wa kuingilia maisha. Zilikuwa maisha yenyewe. Wanandoa waliozipitia wakifichana, kila mmoja na uso wake wa bandia, wamepoteza siku hizo hata kama upasuaji umefaulu. Waliozipitia mkono kwa mkono wamezipata, hata kama umeshindikana. Na akirudi mzima, kama tunavyoomba, atarudi katika nyumba ambamo sasa jambo lolote laweza kusemwa. Nawaambia wanandoa vijana: nyumba ya namna hiyo haijengwi kwa mahari wala kwa mabati.

Basi mwenzi aliye mzima anadaiwa nini? Hadaiwi kuifukuza hofu. Hana uwezo huo. Anadaiwa kukaa ndani yake pamoja na mwenzake, kwa ukweli, mpaka asubuhi. Kwa watu wengine, mzigo ule na uwe kanda la usufi. Kwa wawili waliofanywa mwili mmoja, uzito wake lazima uhisiwe na wote wawili.

YA KUZUNGUMZA NYUMBANI

1. Kati yetu, nani huficha hofu yake zaidi, naye hujifunza wapi kuificha?
2. Nikiugua, ningependa niambiwe kila kitu, au kidogo kidogo? Je, mwenzi wangu anajua hivyo?
3. Ni nani katika jumuiya yetu anayengoja kupasuliwa mwezi huu? Tutamtembelea lini, na je, tutaweza kukaa naye bila kumhubiria?

Tusali: Ee Yesu, uliyewaomba rafiki zako wakeshe nawe, wakumbuke waume na wake wanaongoja usiku huu na tarehe ya daktari mkononi. Uwape ujasiri wa kustahimili. Utupe sisi tulio wazima macho yasiyolala, masikio yasiyoharakisha, na mikono isiyoachia. Amina.